Wastani wa Nani?

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya uchumi wa kati wa ngazi ya chini. Kigezo kilikuwa pato la taifa kwa kila mtu. Kwa mwaka 2019 lilikuwa limefika dola 1,080, na mstari wa kuvukia ulikuwa dola 1,036. Dira ya Maendeleo ilikuwa imepanga tufike huko mwaka 2025, kwa hiyo tuliwahi kwa miaka mitano. Viongozi wakapongezana. Vijiweni likazuka swali ambalo mpaka leo bado naulizwa: hizo dola 1,080 zangu ziko wapi?

Tuzibadili kwanza, maana dola hailiki. Kwa bei ya wakati ule, kama shilingi 2,300 kwa dola, tunazungumzia karibu shilingi milioni mbili na nusu kwa mwaka, yaani laki mbili na kidogo kwa mwezi. Na hizo ni za kila kichwa, kuanzia bibi kizee mpaka mtoto aliyezaliwa jana. Nyumba ya watu watano ilitakiwa ione shilingi milioni moja kila mwezi. Mama anayekaanga vitumbua na mumewe anayebeba zege walijitazama wakaona hapana, hapa kuna watu wanatudanganya.

Hawakudanganywa. Hesabu ilikuwa sahihi. Lilichukuliwa pato lote la nchi, humo ndani mkiwa na faida za migodi, za benki na za viwanda, likagawanywa kwa idadi ya watu wote. Hakuna aliyesema kwamba pesa zenyewe ziligawanywa hivyo. Wastani hujibu swali, na ukiletewa jibu bila swali lake, lazima ulikasirikie bure au ulifurahie bure. Leo nataka tuyatafute hayo maswali, maana wastani si mmoja. Ipo mitano sita inayotembea mitaani ikiwa imevaa jina moja. Kama hauko barabarani, chukua kalamu.

Tuanze na ule wa darasa la tano: jumlisha, gawa. Tuseme kijiwe kina vijana saba wa bodaboda. Jana, baada ya kutoa mafuta na pesa ya bosi, walibaki na hivi: 8,000, 9,000, 10,000, 10,000, 12,000, 13,000 na 15,000. Jumla 77,000. Gawa kwa saba, unapata 11,000. Kijana akikuuliza, "Nikija hapa kijiweni nitapata ngapi?" ukamjibu kama elfu kumi na moja, hujamdanganya.

Sasa anasimama hapo mwenye malori, anasubiri fundi amalizie kuziba pancha. Yeye jana aliingiza 803,000. Kwa dakika hizo kijiwe kina watu wanane na jumla ya 880,000. Gawa kwa nane: 110,000. Wastani wa kijiwe umepanda mara kumi na hakuna kijana aliyeongezewa hata mia mbovu. Mwandishi wa habari akipita dakika hiyo na daftari lake, kesho tutasoma kwamba vijana wa bodaboda wanalaza laki moja na elfu kumi kwa siku.

Dawa yake ni kuwapanga watu kwa mstari, mwenye kidogo mbele, mwenye kingi nyuma, halafu ukatembea mpaka katikati na kumuuliza aliyesimama hapo ana ngapi. Hiyo ndiyo namba ya kati. Kwa vijana saba, wa katikati ni wa nne, ana 10,000. Mwenye malori akiingia mstarini wanakuwa wanane, hakuna mmoja wa katikati, basi unachukua wawili, wa nne na wa tano, 10,000 na 12,000, unawajumlisha na kugawa kwa mbili: 11,000. Tajiri ameingia, namba ya kati imesogea elfu moja tu. Hata angekuwa ameingiza bilioni, isingesogea zaidi ya hapo. Namba ya kati haijali aliye mwisho wa mstari ana kiasi gani. Inajali yuko upande gani.

Kwa hiyo ukitaka kujua mtu wa kawaida anaishije, iwe mshahara, kodi ya nyumba au bei ya kiwanja, ulizia namba ya kati. Pesa ina tabia hiyo duniani kote: haiwezi kushuka chini ya sifuri sana, lakini juu haina dari, na wachache walio juu huuvuta wastani kuelekea kwao.

Lakini nisieleweke kwamba nautukana wastani wa kugawa. Mpishi wa shughuli hana haja na namba ya kati. Anataka kujua kwa wastani mgeni mmoja hula mchele gramu ngapi, azidishe kwa wageni 400, aende sokoni. Wapo watakaokula kijiko kimoja kwa adabu na wapo watakaorudi mara tatu, naye wote hao anatakiwa kuwashibisha kwa jumla. Wastani wa kugawa una sifa moja ambayo namba ya kati haina: ukiuzidisha kwa idadi ya watu, unarudishiwa jumla yako kamili. Mtu wa bajeti, mtu wa maji, mtu wa umeme, hao wote wanafanya kazi na jumla, na wako sahihi kuutumia. Pato la taifa kwa kila mtu liliundwa kwa kazi hiyo, kulinganisha ukubwa wa uchumi wa nchi na nchi. Kosa ni kuliingiza jikoni kwa mama wa vitumbua.

Na muuza viatu hana haja na wastani wa kugawa wala namba ya kati. Mwenye meza ya viatu vya mtumba kwenye masoko ya Karume au Gikomba akikokotoa wastani wa namba za miguu ya wateja wake anaweza kupata 40 na nusu, kwa sababu nusu ni akina mama wanaovaa 39, na nusu ni wanaume wa 42. Akijaza meza viatu vya 40 na nusu, atakaa navyo. Yeye anatafuta namba inayojirudia zaidi. Vitabu vya shule huiita modi. Haina hesabu, ni kuhesabu tu kwa vidole kipi kimeulizwa mara nyingi.

Tugeukie sensa. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Tanzania ina watu 61,741,120, na kaya ya wastani ina watu 4.3. Kenya, katika sensa yake ya 2019, ilihesabu watu 47,564,296, na kaya ya wastani ilikuwa na watu 3.9. Utani wa siku zote ni kuuliza huyo 0.3 ni mguu au mkono. Utani mzuri, ila watu wa afya wameuchukulia kwa uzito mkubwa, na nadhani wametushinda akili.

Chandarua kimoja kinatosha watu wawili. Ukiwa na kijiji cha watu 1,000, hesabu ya haraka inasema lete vyandarua 500. Ukivileta hivyo, watu watalala nje ya neti. Kwa nini? Kwa sababu watu hawaishi kwa jumla, wanaishi kwa nyumba. Nyumba ya watu watano inahitaji vyandarua vitatu, siyo viwili na nusu. Nyumba ya watu watatu inahitaji viwili. Kila nyumba yenye idadi ya witiri inakula nusu chandarua zaidi, na huwezi kukata neti kwa mkasi ukampelekea jirani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wakati wa kuagiza, uhesabu chandarua kimoja kwa kila watu 1.8. Kwa kijiji chetu ni vyandarua 556. Hiyo 1.8 inaonekana ya ajabu ukiisikia redioni, lakini ndani yake mna mtu aliyekumbuka kwamba wastani haulali kitandani.

Tubaki na sensa hiyohiyo, kwa sababu ina mtego mwingine, na huu nimeuona ukiwanasa watu wenye shahada zao. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Mwaka 2022, 61,741,120. Ongezeko la miaka kumi ni asilimia 37.4. Swali: kwa wastani tuliongezeka asilimia ngapi kwa mwaka? Wengi watagawa 37.4 kwa kumi, waseme asilimia 3.7. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikasema 3.2. Simu zikipigwa, watu husema serikali imepunguza.

Haikupunguza. Jaribu mwenyewe. Chukua watu milioni 44.9 wa mwaka 2012, waongeze asilimia 3.74 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, chukua jumla mpya, iongeze tena asilimia 3.74. Endelea hivyo mara kumi. Utafika karibu watu milioni 64.9. Makarani wa sensa waliwakuta milioni 61.7. Umetengeneza Watanzania hewa zaidi ya milioni tatu, kwa kosa la kugawa tu. Tumezoea kusikia wafanyakazi hewa kwenye daftari la mishahara. Hawa ni wengi zaidi.

Sababu ni kwamba ongezeko huzaa ongezeko. Watoto waliozaliwa mwaka huu wanaingia kwenye hesabu ya mwaka ujao, na waliokuwa watoto mwanzoni, kabla ya miaka kumi kuisha wengine wanakuwa wameoa, wamezaa. Vitu vinavyokua kwa kuzidishana havitaki kugawanywa, vinataka kipeuo. Unatafuta ile namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi unapata 1.374. Simu yako ina kikokotoo chenye alama ya kipeuo. Jibu ni 1.032, yaani asilimia 3.2. Huo ndio wastani wa kijiometri, na pamoja na jina lake la kutisha, kila mwenye akiba benki au kwenye chama cha kuweka na kukopa anauhitaji.

Mfano mfupi wa mfuko wako. Umeweka mtaji wa 100,000. Mwaka wa kwanza umepanda asilimia 50, umekuwa 150,000. Mwaka wa pili umeshuka asilimia 50, umekuwa 75,000. Mtu wa mauzo atakwambia kwa wastani hujapata hasara, kwa sababu jumlisha 50 toa 50 ni sifuri. Robo ya pesa yako imekwenda na maji. Zidisha 1.5 kwa 0.5, ni 0.75, kipeuo chake cha pili ni 0.866. Kwa wastani ulipoteza zaidi ya asilimia 13 kila mwaka. Anayekuonyesha faida za miaka mitano za mfuko wowote, mwulize kama alijumlisha au alizidisha. Akibabaika, shika mkoba wako.

Upo mwingine ambao madereva wanaujua kwa mwili hata kama hawajausoma. Lori linasafiri kilomita 180 kwa mwendo wa 90 kwa saa, linarudi kilomita zilezile kwa mwendo wa 45, kwa sababu limebeba mzigo na tochi za trafiki ni nyingi. Wastani wa mwendo? Usiseme 67 na nusu. Kwenda ni saa mbili, kurudi ni saa nne. Kilomita 360 kwa saa sita: 60. Mwendo wa polepole umekula saa nyingi zaidi, kwa hiyo una sauti kubwa zaidi. Hii ndiyo sababu ukichelewa kwenye foleni ya mjini, pale Kimara, huwezi kuifidia mbele ya safari, Chalinze, kwa kukanyaga mafuta. Wanaojaribu huishia kutangazwa kwenye taarifa zetu za saa mbili usiku, na si kwa habari njema.

Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa inamsaidia mnunuzi. Anayetenga shilingi 10,000 za sukari kila mwezi, bei ikiwa 2,500 anapata kilo nne, na bei ikipaa hadi 4,000, kama wengi mlivyoiona mwanzoni mwa 2024, anapata kilo mbili na nusu. Ametumia 20,000 kwa kilo 6.5, kila kilo imemgharimu 3,077, si 3,250. Kwa kushikilia pesa badala ya kilo, amenunua zaidi wakati wa unafuu bila kujijua.

Sasa tuingie kwenye ule ambao nauona ni hatari kuliko yote, kwa sababu haupigi kelele: wastani wa wastani. Shule ina mikondo miwili. Mkondo A una wanafunzi 20, wastani wao ni 70. Mkondo B una wanafunzi 60, wastani wao ni 50. Mwalimu mkuu anaandika ripoti: wastani wa shule ni 60. Jumlisha alama zenyewe. Mkondo A una 1,400, mkondo B una 3,000, jumla 4,400 kwa watoto 80. Ni 55. Zile alama tano zilizoongezeka zimetokana na kuwapa watoto 20 nguvu sawa na watoto 60. Kila wastani unapoingia kwenye hesabu nyingine lazima uje na uzito wake, yaani idadi ya waliomo ndani yake.

Na hapo ndipo mfumuko wa bei unapokaa. Kila mwezi tunawasomea kwamba mfumuko umekuwa asilimia 3 na pointi kidogo, na kila mwezi mnatutumia ujumbe: hawa watu wananunua soko gani? Swali lenu ni zuri kuliko mnavyofikiri. Mfumuko wa bei ni wastani wenye uzito. Katika kapu la Tanzania lenye mwaka wa kizio 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Kenya, katika kapu lake la mwaka 2019, vimepewa karibu asilimia 33. Kilichobaki ni usafiri, nyumba, nguo, simu, ada, hoteli na mengineyo.

Uzito huo unatokana na matumizi ya kaya zote zikijumlishwa, na kwenye jumlisho la pesa, mwenye pesa nyingi ana kura nyingi. Tuseme mwezi huu chakula peke yake kimepanda asilimia 10 na vingine vyote vimesimama. Kapu la taifa litaonyesha mfumuko wa asilimia 2.8. Lakini kaya inayotumia shilingi 60 kati ya kila 100 kwa chakula, na hizo si chache vijijini na uswahilini, imepigwa asilimia 6. Wote wawili wanasema kweli, mtakwimu na mama ntilie. Kila mmoja ana kapu lake. Mimi ningependa ofisi zetu za takwimu zitupe pia, kila mwezi na kwa sauti ileile, mfumuko wa kaya maskini peke yake. Bei wanazo, na mgawanyo wa matumizi ya kaya hizo wanao kwenye tafiti zao za mapato na matumizi.

Wakulima, sijawasahau. Kabla ya vuli na kabla ya masika mnasikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: mvua za wastani hadi juu ya wastani zinatarajiwa katika maeneo yafuatayo. Wastani huu si wa kujumlisha na kugawa kama mnavyodhani. Wataalamu huchukua mvua za msimu huo kwa miaka 30, huipanga miaka hiyo kuanzia mkavu kabisa mpaka wenye mvua nyingi kabisa, halafu huikata vipande vitatu. Kumi ya chini ndiyo chini ya wastani, kumi ya katikati ndiyo wastani, kumi ya juu ndiyo juu ya wastani. Kwa hiyo wastani hapa ni kundi zima la miaka, lina ukumbi na veranda, na miaka miwili yenye mvua tofauti kabisa inaweza kulala humo pamoja.

Halafu kila kipande hupewa uwezekano wake. Wasipojua lolote, kila kimoja kingekuwa na asilimia 33. Wakisema kuna asilimia 45 za mvua juu ya wastani, maana yake mizani imeinama kidogo kuelekea huko, lakini bado kuna 55 zilizobaki kwenye vipande viwili vingine. Kwa hiyo mkulima aliyeambiwa hivyo akapata ukame hana haki ya kusema walimdanganya, na mtangazaji aliyesoma "mvua kubwa zinakuja" akaacha zile asilimia ndiye wa kulaumiwa. Mara nyingi anayeziacha ni sisi.

Jambo jingine, mahindi hayanywi wastani. Dodoma hupata chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka. Gawa kwa 12, unapata kama milimita 50 kwa mwezi, na mgeni akisoma hivyo atadhani Wagogo wanalima mwaka mzima. Karibu mvua yote hiyo huanguka kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni vumbi. Hata ndani ya msimu, milimita 300 zilizokuja kidogo kidogo kwa wiki kumi na mbili ni mavuno, na milimita 300 hizohizo zikishuka kwa siku kumi halafu jua likawaka mwezi mzima ni njaa. Wastani ni uleule. Ndiyo maana kwenye taarifa ya msimu kuna sehemu nyingi tunazozipita haraka: mtawanyiko wa mvua, tarehe za kuanza na kuisha, vipindi vya ukavu. Ukinunua mbegu, sikiliza hizo kuliko neno wastani.

Madaktari nao wana wao. Tunasikia kwamba zamani watu wa Afrika Mashariki waliishi miaka arobaini na kitu, na kijana anaamini kwamba babu wa babu yake alizeeka akiwa na miaka 40. Chukua watoto kumi. Watatu wanafariki kabla ya kutimiza mwaka, saba wanafika miaka 70. Jumla ni 490, gawa kwa kumi: 49. Katika ukoo huo hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 49. Wazee wenye mvi walikuwepo siku zote. Vilivyoushusha wastani zaidi ni vikaburi vidogo. Tafiti za afya za Tanzania zinaonyesha kwamba mwaka 2004 na 2005 vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 112 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, na mwaka 2022 vilikuwa 43. Umri wa kuishi unapopanda, sehemu kubwa ya sifa ni ya chanjo, neti na wakunga.

Na wafanyakazi wa serikali, mmebishana sana juu ya kikokotoo cha pensheni. Ubishi ulikwama kwenye asilimia ya malipo ya mkupuo, ile 33 ya wakati ule, na wachache waliangalia mshahara gani unaoingizwa kwenye kanuni. Ni wastani wa miaka mitatu yenye mishahara mikubwa zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Mtu aliyeanza na 300,000, akapanda taratibu kwa miaka thelathini na kitu hadi 1,500,000, ana wastani wa maisha yote ya kazi wa kama 900,000, lakini wastani wa miaka mitatu bora unakaribia 1,450,000. Nchi zipo zilizohamia kwenye wastani wa kazi nzima, na asilimia zao zinaweza kuonekana tamu zaidi kwenye karatasi. Siku mtakapoletewa mapendekezo ya kanuni mpya, kabla ya kugombania asilimia, someni kwanza ni wastani wa miaka ipi.

Ombi langu la leo liende kwa wenzangu wa vyumba vya habari. Tukisoma wastani wa mshahara au wa kipato, tutafute namba ya kati tuisome palepale. Tukisoma utabiri wa mvua, tusome asilimia zake. Tukisoma ufaulu wa mkoa, tuseme ni watoto wangapi. Nawe msikilizaji, siku tutakapokusomea wastani mtupu, namba zetu za simu unazijua: piga, utuulize ni wastani wa nini na wa watu gani, na usikate simu mpaka tujibu.